Marahaba ya Mzee Mto

Habari za kifo cha Mbuke nilizikuta kwenye takataka. Sisemi jaa la nyuma ya nyumba. Nasema ile sehemu ya mfumo wetu wa tahadhari ya mafuriko inakoangukia kila meseji isiyo na namba ndani yake. Vijana wa ofisini kwetu hapa Morogoro hunitania kwamba mimi ndiye bosi pekee anayeanza siku kwa kuchakura takataka kabla ya chai, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hawakuwepo. Jumanne iliyopita, katikati ya matangazo ya bahati nasibu na meseji ya mtu aliyekosea namba akiuliza kama mboga imeshaiva, niliiona namba ya simu ya Lumuma ninayoijua kwa kichwa. "Shikamoo Mzee Mto. Mimi Kulwa. Mama amefariki leo alfajiri." Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Machozi yalichelewa. Kilichotangulia ni woga, ule ule wa zamani, kwa sababu mashine yetu humjibu yenyewe kila anayeisalimia, na sikuthubutu kuangalia imemjibu nini mtoto huyo. Nikafunga kompyuta, nikatoka kwenda kununua vitumbua ambavyo sikuvila.

Mwaka niliomfahamu Mbuke nilikuwa na miaka ishirini na nane, na naona nianzie Mikumi, maana ukoo wangu na shule nilizosoma havikunisaidia kitu mwaka ule. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Malori yakipita, vikombe vilitetemeka mezani. Nyani waliingia kwa dirisha wakaondoka na mkate wetu mzima mzima, na Kaka Festo, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, aliwarushia malapa huku akiendelea kuchapa kwa mkono mmoja. Shirika dogo lilikuwa limetupa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuwaonya watu wa Kilosa mto Mkondoa unapofura. Zamani programu kama hiyo ingekuwa pande moja kubwa. Festo aliikata vipande vitatu, kila kipande na kazi yake moja, kila kimoja kimefungwa kwenye kasha lake ambalo watu wa kazi hii tunaliita kontena. Wa kwanza tulimwita Mpokezi: anapokea meseji za wasomaji wa mto na kuchukua namba iliyomo. Wa pili Mpimaji: anaangalia kama namba hiyo ni ya hatari. Wa tatu Mpiga Mbiu: anatuma onyo kwenye simu za watu wa bondeni. "Uzuri wake," alisema Festo akipuliza chai ya rangi, "mmoja akifa anafufuliwa hapo hapo, wenzake wala hawajui." Alilisema kama jambo la kufurahisha. Mimi yale maneno ya mwisho, wenzake wala hawajui, yalinikaa vibaya.

Mpokezi nilimwandika mimi. Nilitaka awe mkali, asidanganyike na porojo za watu, kwa hiyo nilimwagiza hivi: meseji ianze na namba, isipoanza na namba itupwe. Tulimjaribu mwezi mzima kwenye kompyuta ya Festo, ambayo ilijifanya kuwa kompyuta tatu ndani ya moja. Mimi natuma 4, yeye anatuma 7, mimi natuma 9, na simu iliyokuwa mezani inalia onyo. "Kwangu inapiga kazi, Zu!" alisema Festo, ambaye jina langu Zuhura alilikata hivyo siku zote, akajipigia makofi. Ilikuwa kweli. Kwake ilipiga kazi.

Mtandao wa Kilosa ulikuwa wa kukatika mvua zikianza, hivyo ikaamuliwa mfumo usitegemee seva za mbali. Ukae mjini hapo hapo, kwenye kompyuta tatu ndogo zilizounganishwa zifanye kazi kama kitu kimoja. Hiyo ndiyo klasta. Nilitumwa mimi kuipandisha, yaani kuiweka kazini, na kukaa nayo msimu mzima wa masika. Nilipanga chumba na stoo kwa Bi Tunu, mjane mwenye maneno yake, ambaye kiharusi kilimwachia mguu wa kushoto wa kuburuta. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye tuta la mto. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nitakuja na makontena matatu, na yeye, mtu wa watu, alikuwa ameshamwita fundi apime geti kama yatapita. Nilipoweka vile visanduku kwenye rafu ya stoo alisimama mlangoni akiegemea fimbo. "Kontena lenyewe liko wapi?" Nikamwambia yamo humo ndani. "Humu? Humu si pa kuwekea pilipili manga?" Alicheka mpaka akakaa. Nami nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kucheka kwa moyo mweupe ndani ya nyumba ile.

Siku ya tatu tulikuwa tunakula ugali na mlenda wa karanga, yeye kwenye kigoda, mimi mkekani. "Hiyo mashine yako," aliuliza, "na mimi itaniambia?"

"Itakutumia meseji, Bi Tunu. Namba yako nimeiweka ya kwanza kabisa."

"Mapema? Mimi si wa kukimbia."

"Mapema. Maji yakipanda kule Lumuma, juu mtoni, huchukua kama saa sita kufika hapa."

Alitafuna, akafikiri. Kila masika mwanawe alikuwa akija kumchukua kumpeleka Dumila, akae huko mpaka mto utulie. "Basi mwaka huu siendi," alisema. "Nimechoka kulala kwenye kochi la mkamwana, nikigeuka tu naulizwa mama unaumwa?" Jioni ile nilimsikia ukutani akiongea na mwanawe kwa simu: usije, hapa nipo na Zuhura na mashine yake. Tangu hapo niliogopa. Niliogopa nikifua, niliogopa nikisuka nywele. Kila taa ya kijani ikipepesa kwenye rafu ile niliangalia mara mbili, nikijiambia kwamba mwanamke mwenye mguu mmoja mzima amebaki kando ya mto kwa sababu ya mistari niliyoiandika mimi nikiwa nawindana na nyani.

Wasomaji wa mto walikuwa watatu. Wawili, wa huku chini karibu na mji, walikuwa mwalimu mstaafu na fundi wa reli, watu wa kufuata maelekezo. Wa tatu alikuwa Mbuke, Msukuma aliyehamia Lumuma na mumewe na ng'ombe wao, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mpole wa sauti. Alichaguliwa kwa kuwa boma lake ndilo lililokuwa karibu kuliko yote na ubao wa kupimia maji, ule uliochorwa moja mpaka kumi, na juu ya saba rangi nyekundu. Siku ya mafunzo tulikaa kwenye ghala la vitunguu, harufu inatutoa machozi, binti yake wa miaka minane, Kulwa, akinichungulia kutoka nyuma ya mgongo wake. Ili wasihangaike kuitafuta namba ya mfumo kwenye simu, niliwaambia waihifadhi kwa jina rahisi. Jina nililitunga papo hapo, nikajiona mjanja: Mzee Mto. Watu wakacheka. Mbuke hakucheka. "Huyo mzee anakaa wapi?" aliuliza.

"Kilosa," nilisema.

"Mzima?"

"Mzima wa afya," nikajibu, na ghala zima likacheka tena. Nilimwambia atume 3 kujaribu, akatuma 3 nikimwangalia, ikapokelewa. Nikawaambia wote watume tu maji yakianza kupanda, nikafunga daftari. Utani ule mdogo nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Siku yenyewe Kilosa kulikuwa na jua. Bi Tunu alikuwa kibarazani anachambua mchele, kanga za jirani zimeanikwa juu ya tuta, na mimi saa nne nilikwenda kwa mama lishe wa jirani na stesheni kunywa supu. Meza ya nyuma yangu walikaa wachuuzi wawili wa vitunguu, matope mpaka magotini. "Kule juu imepiga tangu jana," mmoja alisema. "Yaani mto hauna kingo tena. Sisi tumepita kwa kubahatisha, waliokuwa nyuma yetu wamebaki huko huko." Mwenzake akasema, "Na vitunguu vya watu vyote vimekwenda." Wakaagiza chapati. Sikumaliza supu. Nilitembea, kisha nikakimbia, nikijituliza kwamba kama kungekuwa na hatari mashine ingeshasema. Skrini ilikuwa tulivu. Lumuma: 3, rangi ya kijani. Nilivuta pumzi. Halafu nikakumbuka kwamba tatu ndiyo namba niliyomtajia Mbuke siku ile ya ghala. Skrini ilionyesha namba ya mwisho iliyopokelewa bila kusema ni ya lini, na aliyeitengeneza hivyo ni mimi. Nikafungua takataka, mahali ambapo hatukuwa tumepafungua hata mara moja tangu Mikumi.

Shikamoo Mzee Mto. Hiyo ilikuwa ya saa moja kasorobo asubuhi. Shikamoo Mzee. Mzee shikamoo mimi Mbuke wa Lumuma. Mzee kama nimekukosea nisamehe. Shikamoo. Zilikuwa tisa, na hakuna hata moja yenye namba. Nilipiga simu yake, ikaita, ikakata, nikapiga tena, na alipopokea nilisikia mngurumo nyuma yake, nikapaza sauti, "Dada Mbuke! Maji yako wapi?"

Nilidhani simu imekatika, lakini nilimsikia akipumua. Nikaelewa, na nikaona aibu katikati ya woga ule. "Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Mzee mzima?"

"Mzima. Maji, dada."

"Maji yamezidi ubao. Sasa hivi siuoni kabisa."

"Mbona hukutuma namba?"

"Nitampaje mtu habari hajaniitikia? Nikajua amenuna. Halafu nikajua amekufa."

"Tuma sasa hivi. Kumi. Kumi tu, dada, bila—" Simu ikakata. Dakika moja baadaye meseji yake iliingia. Shikamoo Mzee Mto. 10. Niliiangalia ikifika kwa Mpokezi, na nikaiangalia ikitupwa, kwa sababu haikuanza na namba.

Nilitoka mbio kibarazani. "Bi Tunu, inuka, mto unakuja!" Alitazama jua, akatazama simu yake iliyokuwa juu ya ungo. "Mbona mashine haijasema?" aliuliza. "Wewe mwenyewe ulinambia nisubiri mashine." Nilimkimbilia balozi wa nyumba kumi, mlango wa tatu, naye akanijibu kwa upole wa kuniua kwamba nisiwatie watu mchecheto bure, onyo rasmi litakuja kwenye simu kama walivyofundishwa. Tulikuwa tumewafundisha vizuri mno. Nikarudi stoo nikampigia Festo, nikamweleza, nikamwambia nabadilisha Mpokezi atafute namba popote ilipo ndani ya meseji, nampandisha sasa hivi.

"Usideploi, usipandishe kitu, Zu," alisema. "Haijajaribiwa. Ukimlaza Mpokezi hata namba za wale wengine hupati. Nitumie kwanza niione hapa kwangu."

"Kwako inafanya kazi, kaka!" nilipiga kelele. "Kwako siku zote inafanya kazi!" Sikuwahi kumpandishia sauti mkubwa wangu. Nikakata simu nikaanza kuandika. Ilikuwa mistari miwili tu. Nikaifunga kwenye kontena jipya, nikaipeleka kwenye klasta, nikasubiri. Mpokezi mpya akasimama, akafa. Akafufuliwa, akafa. Akafufuliwa, akafa. Nilikuwa nimesahau alama moja, kijialama kisichozidi chawa, na wakati wote huo yule Mpokezi wa zamani alikuwa bado kazini, mzima, mkali, akisubiri namba itangulie, maana klasta haimwondoi wa zamani mpaka mpya asimame imara. Nje nilisikia Bi Tunu akipepeta mchele. Nimesikia vitu vingi vya kutisha maishani, hakuna kilichozidi sauti ya mchele ule. Nikaweka alama, nikapeleka tena, nikahesabu kwa sauti mpaka ishirini na kitu. Akasimama. Nikaitoa meseji ya Mbuke kwenye takataka nikamrudishia. Kumi, akasema Mpokezi. Hatari, akasema Mpimaji. Nikamsubiri Mpiga Mbiu, nikaanza kulia, mpaka niliposikia simu ikilia juu ya ungo, na ya jirani, na ya nyumba ya nyuma, na ya balozi, mtaa mzima.

Bi Tunu alibebwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, ungo wa mchele mapajani, mpaka stesheni palipoinuka. Mto uliingia mtaani saa nane, jua linawaka, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake vilielea vitunguu, maelfu, vikizunguka zunguka kwenye ua wetu. Nilimwona pia ndama mmoja mwekundu akipita miguu juu. Jiko la Bi Tunu liliporomoka na ukuta mmoja, lakini mtaa wetu haukuzika mtu. Aliniita nikakaa karibu yake kwenye saruji ya stesheni. "Mashine yako imechelewa," alisema. Nikamwambia ndiyo, imechelewa. Mwanawe alipofika kutoka Dumila sikuweza kumtazama usoni.

Njia ilipofunguka nilikwenda Lumuma. Mbuke alinikaribisha maziwa mgando ya kibuyu na viazi vya kuchemsha, nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba Mzee Mto hayupo, ni mashine. "Nimeshajua ni mashine," alisema. "Lakini aliyeitengeneza si ana wazazi? Hawakumfundisha kuitikia?" Kulwa alikuwa ameketi kizingitini akitusikiliza. Mbuke akanieleza bila kinyongo, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba asubuhi ile alisimama mtoni na simu, ndama wamefungwa upande wa chini. Alikuwa akijiambia, akiitika tu nampa namba, nakwenda kuwafungua. Akapoteza watatu.

"Mmoja mwekundu?" nilimuuliza.

"Umemjuaje?"

Nikasema nimekisia tu. Miaka yote tuliyosalimiana baadaye sikumwambia kwamba nilimwona.

Niliporudi Kilosa niliweka saa pembeni ya kila namba kwenye skrini, kisha nikaongeza kontena la nne, nikaliita Marahaba. Kazi yake ni moja: yeyote anayesalimu anajibiwa papo hapo, "Marahaba. Maji yako namba ngapi?" Festo alicheka nilipomwonyesha, halafu akaacha kucheka, akasema lipo sawa, akalijaribu kwake. Tangu hapo Mbuke hakukosa asubuhi hata moja. Hata kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu na hakuna aliyemwomba, alisalimia, akaitikiwa, akatoa namba. Kompyuta zimebadilishwa mara mbili, Bi Tunu amehamia Dumila moja kwa moja na anamsema mkamwana wake mpaka kesho, na mimi nakaribia arobaini na bado nachakura takataka.

Vitumbua vilikuwa vimepoa nilipofungua tena kompyuta Jumanne ile. Ilikuwa kama nilivyoogopa. Chini ya meseji ya Kulwa, sekunde ile ile, mashine yangu ilikuwa imemjibu mtoto aliyefiwa: Marahaba. Maji yako namba ngapi? Nilishika simu nimpigie, nimwambie asijali, si mtu, ni sisi, poleni sana. Kabla sijabonyeza nikaona kwenye skrini kwamba Lumuma ina namba mpya, ya saa mbili na dakika kumi asubuhi ile ile. Nikaifungua. Ilitoka kwenye simu ya Mbuke.

"Samahani Mzee nimechelewa, nyumbani kuna watu. Nimeenda mtoni kuangalia. 4."